Uchambuzi wa kisa: Chupa iliondoka, usiku ukabaki

Kisa hiki cha mtu aliyetibiwa uraibu wa pombe nimekiandika mimi, mnasihi wake, kwa ridhaa ya mwenyewe. Umri, kazi, idadi ya watoto na baadhi ya nyakati vimebadilishwa, na jina limeondolewa kabisa. Nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo mdogo wake wa kike alivyomwita tangu siku ya kwanza aliyomleta kwetu, hata siku zile alizokuwa amemkasirikia hadi machozi. Kwenye mafaili huwa tunaandika "mteja". Mbele ya familia nimeacha kulitumia neno hilo, maana huko nje "teja" ni tusi, na aliyekuja kuomba msaada anaweza kudhani ametukanwa kitaalamu.

Sikukichagua kwa kuwa ni cha ajabu. Watu wa namna ya Kaka tunawaona kila wiki. Kilichonisukuma kukiandika ni maneno mawili yaliyomo kwenye faili lake la kwanza, tuliyoyaandika kwa mikono yetu wenyewe, kisha tusiyasome tena kwa miezi kumi.

Usuli

Kaka alikuwa na miaka arobaini na kitu, mume na baba, mtu wa mahesabu kazini. Pombe alianza ujanani kama wenzake, mwisho wa wiki, kwa vicheko. Baadaye alipata kazi ya zamu za usiku na akaifanya kwa takriban miaka miwili. Alipotoka kwenye zamu hizo usingizi wake haukurudi. Alikuwa akikodolea dari macho hadi alfajiri. Rafiki mmoja akamshauri anywe kidogo kabla ya kulala, akajaribu, akalala fofofo.

Hapo ndipo palipoanzia, ingawa hakuna aliyepaona. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humvurugia nusu ya pili ya usiku: ikishaisha nguvu mwilini, ubongo huzinduka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Anayeamka saa nane usiku katika hali hiyo ana njia mbili, akae macho au aongeze glasi. Kaka aliongeza. Miaka ikapita, glasi zikawa chupa. Miaka mitano ya mwisho kabla hatujakutana naye alikuwa akizimua asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, la sivyo mikono ilitetemeka asiweze kushika kalamu.

Kazini hakukosa. Hili liliwachelewesha wote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Nyumbani walikuwa na picha ya mlevi kichwani, yule anayelala mtaroni kiatu kimoja mguuni, na Kaka hakufanana naye. Alivaa shati safi. Alilipa ada.

Kitaalamu, uraibu haupimwi kwa shati. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, unaorodhesha dalili 11: kutumia zaidi ya ulivyokusudia, kujaribu kupunguza ukashindwa, kutamani hadi akili haitulii, kuendelea japo unaona madhara, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata athari ileile, na nyinginezo. Dalili mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja ni tatizo dogo, nne au tano la kati, sita na kuendelea ni kubwa. Kaka alikuwa na tisa. Katika dodoso la Shirika la Afya Duniani la maswali kumi kuhusu unywaji, ambalo alama zake huishia 40 na kuanzia 20 mtu hushukiwa kuwa ametekwa na pombe, alipata 31.

Lakini vipimo hivyo alivifanyia kitandani hospitalini. Kabla ya hapo kulikuwa na siku tatu za chumbani.

Siku tatu za chumbani

Kikao cha familia kilikuwa na watu wanne: mke, mama, mjomba na mdogo wake. Mjomba alikuwa amewahi kumuona kijana wa jirani akiachishwa heroini kwa kufungiwa ndani. Kijana aligaragara, alitapika, alilia, na baada ya wiki akatoka amekonda lakini mzima. Basi na Kaka afungiwe. Wengi wakiusikia mkasa huu huwaona wanafamilia kuwa wakatili, kumbe Kaka mwenyewe alikubali. Alikabidhi ufunguo kwa mkono wake, akaingia na godoro, maji na chakula, akasema, "Hata nikipiga kelele, msifungue."

Usiku wa kwanza alitetemeka na kutokwa jasho. Siku ya pili alitapika kila alichokunywa, na jioni akaanguka, mwili ukakakamaa na kurushwarushwa kwa kama dakika mbili. Mama alimwagia maji. Mjomba akasema pepo la pombe linatoka, wavumilie. Siku ya tatu Kaka alianza kufukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona, na kuzungumza na mfanyakazi mwenzake kana kwamba wako ofisini. Mdogo wake aliwaambia, "Huyu si kaka yangu anayelevuka, huyu anakufa," akavunja ahadi na kumleta.

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Uraibu tunauita kwa jina moja, lakini kila kitu kina namna yake ya kumwachia mtu. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, inatesa vibaya, ila kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra yenyewe kuua. Hatari kubwa huja baadaye, mwili ukishasahau dozi ya zamani na mtu akairudia ileile. Sigara na bangi zikiachwa huleta hasira, mahangaiko na usingizi wa shida. Pombe, pamoja na dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, zina sifa ya peke yao: aliyezitumia kwa wingi kila siku, akiziacha ghafla, anaweza kufa kwa kule kuacha.

Sababu nimezoea kuwaeleza ndugu kwa mfano wa mlango. Pombe inausukuma ubongo kuelekea utulivu. Ubongo, ili ubaki macho na kufanya kazi, unasukuma kutoka upande wa pili, na kwa miaka unazidi kujiegemeza na kuongeza nguvu. Siku anayesukuma nje anapoondoka ghafla, aliyeegemea ndani anapitiliza na mlango wake. Mtetemeko huanza saa sita hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja kati ya saa sita na 48. Kuchanganyikiwa pamoja na maruweruwe, homa na moyo kwenda mbio, hali ambayo isipotibiwa huua, huja mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Kaka aliifuata ratiba hiyo karibu kwa saa.

Hospitalini

Alipewa diazepamu kwa dozi kubwa, kisha ikapunguzwa siku hadi siku kwa kufuata dalili zake, si kwa kukisia. Alichomwa tiamini, yaani vitamini B1, kabla ya kutundikiwa maji yenye sukari. Mpangilio huo una maana: wanywaji wa muda mrefu mara nyingi wamepungukiwa sana na vitamini hiyo, na sukari ikitangulia inaweza kumalizia kile kidogo kilichobaki na kuuumiza ubongo, mtu akaanza kuyumba, macho yakashindwa kutembea sawasawa, na kumbukumbu ikapotea pengine moja kwa moja. Alichunguzwa pia kama alijigonga kichwa alipoanguka. Siku ya nane aliruhusiwa.

Kabla hajatoka, mwenzangu alimhoji kwa ajili ya matibabu ya nje. Faili lina kurasa sita kuhusu pombe: anakunywa nini, wapi, na nani, tangu lini. Ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa "Mengineyo", kuna maneno mawili: "Usingizi mbaya."

Ombi la dawa ya siri

Wiki ya tatu mke na wifi yake walikuja bila Kaka. Mdogo wake ndiye aliyesema. Huniita daktari ingawa nimeshamwambia mara nyingi kuwa mimi ni mnasihi.

"Daktari, si kuna ile dawa mtu akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia? Tupe sisi. Tutamtilia kwenye kinywaji, yeye asijue."

Ipo. Inaitwa disulfiramu, na imetumika kwa ajili ya pombe tangu miaka ya katikati ya karne iliyopita. Inazuia ini kumalizia kuivunja pombe, hivyo sumu ya katikati inajikusanya: uso unawaka, mtu anatapika, moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linashuka. Kwa mtu aliyeichagua mwenyewe, anayejua kinachomngoja na anayemeza mbele ya mwenzake kila asubuhi, inaweza kumsaidia. Kwa asiyejua ni mtego. Anaweza kunywa nyingi bila kuelewa kinachomtokea, na hata moyo kusimama. Isitoshe haitakiwi kuanzwa hadi zipite angalau saa 12 bila pombe mwilini, na anayetiliwa kwa siri nani atamhesabia saa hizo?

Tulikataa, tukawaeleza kwa nini. Mke alikubali papo hapo. Mdogo wake alinuna wiki mbili. Baadaye alinieleza kuwa hakukasirishwa na dawa, alikasirishwa na mimi kumwambia kwamba siku Kaka akigundua hatakunywa tena maji mkononi mwake. "Ulinisema kama adui," alisema. Nilikuwa sahihi kuhusu dawa na mbovu wa namna ya kusema.

Miezi ya utulivu

Iliyofuata ilikuwa miezi mizuri, na ndiyo tuliyoipigia makofi. Kaka alikuja kila wiki. Hatukumhubiria. Tulitumia mazungumzo ya kuamsha nia, njia aliyoiandika kwanza William Miller mwaka 1983: unamuuliza mtu na kumsikiliza hadi sababu za kuacha azitamke yeye, maana za kwako alishazisikia zote. Alijaribu kikundi kimoja cha kusaidiana kinachofuata njia ya Alcoholics Anonymous, ile iliyoanza Akron, Ohio, mwaka 1935. Hakukipenda, akasema watu wake wanaongea sana. Akajaribu kingine, akakaa. Nawaambia wengi hivyo: kikundi kimoja kukushinda si ushahidi kwamba vikundi vyote havikufai.

Nyumbani mke alishika kadi ya benki na kumnusa pumzi kila jioni. Familia ilihesabu siku. Siku ya 100 walifanya kijisherehe.

Alichokuwa akituambia wakati huo, nikiyasoma maelezo yangu leo, ni kwamba bado anaamka saa nane usiku. Alilisema mara nne katika wiki kumi na mbili. Mara zote nne nimeandika chini yake: "Ametiwa moyo."

Kamari haina harufu

Katika mwezi wa tano alianza kubeti. Tulikuja kuyajua haya baadaye.

Usiku ule alikuwa amelala ubavu, simu chini ya shuka, mwanga umepunguzwa. Akaona tangazo, akaweka kiasi kidogo kwenye mechi inayochezwa upande wa pili wa dunia ambako ni mchana. Akashinda. "Daktari, si zile hela," aliniambia. "Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saa nane usiku kuwa na kitu cha kufanya." Ndani ya wiki chache alihama kwenye mechi akaenda kwenye michezo ya kompyuta inayotoa matokeo kila dakika, usiku kucha.

Kamari haiweki kilevi chochote kwenye damu, na ndiyo maana ndugu wengi huiona kuwa tabia mbaya tu. Toleo lile la mwongozo la 2013 liliihamishia katika sura moja na pombe na dawa za kulevya kwa sababu inapita njia zilezile za ubongo. Dopamini, kemikali ya ubongo inayotusukuma kutafuta malipo, haifungamani na raha peke yake. Hupanda hasa pale malipo yanapokuja bila kutarajiwa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba njiwa anayepata punje kwa bahati, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya thelathini, hudonoa bila kuchoka kuliko anayelipwa kila mara. Mchezo unaojibu kila dakika ni njiwa huyo katika mwendo wa kasi. Halafu kuna kukosa kidogo. Mkeka wa mechi kumi, yaani dau moja juu ya mechi zote, ukichanika kwa timu moja, akili haiuhesabu kama umepotea. Inauhesabu kama umekaribia.

Mke aliendelea kunusa pumzi. Pumzi ilikuwa safi.

Madeni yalianza kwa mikopo ya simu, akakopa huku kuziba kule. Mdogo wake alimlipia mara ya kwanza akiamini ni gharama za matibabu, mara ya pili akijua si kweli, na mara zote mbili bila kumwambia wifi yake. Mama alilijua deni la pili akasema yaishie humohumo. Walifunika kombe, na sina la kuwalaumu: mtu wao hajalewa kwa miezi minane, nani atake kuibua jipya? Ila kila deni lililolipwa lilimfundisha Kaka kwamba shimo lina sakafu. Mara mbili alichukua fedha za ofisini na kuzirudisha kabla hazijakaguliwa.

Usiku wa mwezi wa kumi

Mara ya tatu hakuweza kuzirudisha. Alitoka nyumbani, akanunua pombe, akanywa. Kuhusu glasi ya kwanza alisema kauli ambayo ningeitundika ukutani kama isingekuwa inauma: "Nilihesabu siku 290 zimekwenda na maji. Nikasema kama nimeshaharibu, acha nimalize." Mtaalamu Alan Marlatt aliichunguza hali hii miaka ya 1980. Anayeamini kwamba kuteleza mara moja kunafuta kila kitu, akiteleza huwa hana tena cha kukilinda. Kijisherehe cha siku ya 100, bila nia mbaya, kilikuwa kimemfundisha hesabu hiyo.

Karibu saa tisa usiku alimwandikia mdogo wake: "Dada, watoto uwaangalie." Hakuongeza neno. Mdogo wake hakumjibu kwa ujumbe. Alimpigia, akaendelea kumsemesha mambo ya kawaida huku amevaa viatu akimfuata, hakukata simu hadi alipomshika mkono. Hilo ndilo tendo bora kuliko yote katika kisa hiki, na halikutoka kwetu.

Maamuzi ya mara ya pili

Swali la kwanza tulilomuuliza ni kama alikuwa amekusudia kujiua, kwa neno hilohilo, bila kuzunguka. Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Haiko hivyo, wengi hupumua. Wanaopambana na kamari wamo katika kundi lenye hatari kubwa ya kujiua, na mara nyingi hatari hupanda siku deni linapofichuka. Alijibu ndiyo. Kwa wiki mbili hakulala peke yake nyumbani, dawa na vitu vya kumdhuru viliondolewa, na aliandika kwenye karatasi majina matatu ya watu wa kupigia kabla ya kufanya lolote. Safari hii pia alichunguzwa dalili za kuacha pombe. Alikuwa amekunywa siku moja tu, hivyo zilikuwa nyepesi, lakini hatukukisia.

Pili, madeni yote yaliandikwa mara moja, kwa mwandiko wake, mke akiwepo. Ilichukua saa tatu na vikombe vingi vya maji. Tuliomba ndugu wasilipe hata moja. Mke angeshika fedha, safari hii kwa maandishi na kwa ombi la Kaka, na makubaliano yapitiwe kila miezi mitatu. Mara ya kwanza kadi alinyang'anywa. Mara ya pili aliitoa. Kwa anayetazama kutoka nje ni kadi ileile.

Kuhusu kazini, mimi na mwenzangu hatukukubaliana. Yeye aliona amweleze msimamizi kila kitu. Mimi niliona uamuzi huo una matokeo ya kisheria, na kwanza apate ushauri wa mwanasheria. Kaka alimuona mwanasheria, kisha akaenda kwa msimamizi, akasema alichochukua, akaomba kuhamishwa mbali na fedha. Alihamishwa na akawekewa utaratibu wa kulipa. Mwenzangu husema matokeo yanampa haki. Mimi nasema alipata msimamizi muungwana, na bahati haifundishwi.

Akaunti za kubeti zilifungwa kwa yeye kuomba azuiwe, na programu ya kuzuia tovuti za kamari ikawekwa. Daktari, baada ya kupima ini, alimwanzishia naltreksoni, dawa inayopunguza utamu wa pombe na ambayo kwa baadhi ya watu imeonekana kupunguza pia hamu ya kamari. Haiendi pamoja na dawa za maumivu za jamii ya morfini, na hilo aliandikiwa kwenye kadi ya kubeba.

Na hatimaye, tukausoma ule mstari. Usiku.

Hakupewa vidonge vya usingizi. Vile vya jamii ya diazepamu vinapita mlango uleule wa pombe. Alifundishwa tiba ya usingizi isiyo ya dawa: kuamka saa ileile kila siku hata kama amelala saa mbili tu, kutokukaa kitandani akiwa macho, kupunguza saa za kitandani kwanza kisha kuziongeza kidogokidogo. Akiamka na kukaa kama dakika 20 bila usingizi, atoke chumbani, akae kwenye mwanga hafifu afanye jambo la kuchosha. Simu ililala sebuleni, ndani ya droo ya mke. Wiki mbili za kwanza ni mbaya kuliko mwanzo, na tulimwambia hivyo kabla. Alinipigia siku ya tano akanitukana. Siku ya 24 alilala hadi alfajiri.

Matokeo

Ni miezi 14 tangu usiku ule. Amekunywa mara mbili, usiku mmoja kila mara, na mara zote mbili alitoa taarifa kesho yake kabla hajaulizwa. Kubeti alirudia mara moja, mwezi wa tatu, kwa simu ya mtoto. Tangu hapo hajabeti. Madeni yamelipwa kama theluthi mbili. Naltreksoni ameiacha kwa kushauriana na daktari. Kwa usiku mmoja analala muda wa saa tano hadi sita, kwa kipimo chake ni utajiri. Ndoa ipo. Mke anasema bado hajaacha kuamka usiku kusikiliza kama droo inafunguliwa, na ameanza kuja kwetu kwa ajili yake mwenyewe.

Uchambuzi

Kosa la familia, kumfungia, ni rahisi kulinyooshea kidole, na ningependa lijulikane kila nyumba yenye mnywaji wa kila siku: anayetetemeka asubuhi asiachishwe ghafla bila mtu wa afya kumuona. Lakini lilikuwa kosa la kutojua, na lilidumu siku tatu. Letu lilikuwa la kujua, na lilidumu miezi kumi. Tulitibu kilichokuwa kwenye chupa tusiulize chupa ilikuwa ikimfanyia kazi gani. Kazi hiyo ilibaki wazi, na nafasi iliyo wazi saa nane usiku karibu na simu haikai bila mtu.

Tulikosea pia kuchunguza uraibu mmoja mmoja. Anayekuja kwa pombe anaweza kuwa na kamari, sigara, vidonge vya maumivu, au vyote. Kuna maswali mawili ya kuchunguza kamari ambayo hayachukui hata dakika moja: umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Umewahi kujisikia unahitaji kuweka fedha nyingi zaidi na zaidi? Tungeyauliza mwezi wa sita, jibu la kwanza pengine lingekuwa uongo, kwa kuwa ndivyo ugonjwa ulivyo. Lakini angejua kwamba mlango wa kulisema upo.

Kumnusa pumzi kulimgeuza mke kuwa askari wa lango moja. Tulipaswa kumfundisha tangu mwanzo yale tuliyomfundisha baadaye, yanayotokana na kazi ya Robert Meyers na wenzake huko Marekani: kaa karibu na mwenzio anapokuwa mzima, mfurahie kwa dhati, ondoka kimya anapotumia, usimkinge na matokeo ya matendo yake, na uwe na maisha yako. Njia hiyo huwavuta wengi kwenye matibabu kuliko vikao vya kumzunguka mtu na kumshitaki.

Kilichofaulu ni kwamba alirudi. Katika uraibu wa dawa, kurudia hutajwa kati ya asilimia 40 na 60, kiwango kisichozidi kile cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu wanaozidiwa tena, na hao hakuna anayewaambia wamepoteza siku zao zote. Nadhani alirudi kwa sababu mlango wa nyumbani na wa kwetu haukufungwa kwa hasira. Sina uhakika ungebaki wazi kama mdogo wake angepata ile dawa ya siri.

Hesabu ya siku tumeibadilisha. Sasa tunaandika siku bila pombe katika mwaka mzima, na siku moja ya kuteleza inapunguza moja. Kaka anasema hesabu hii anaielewa, ndiyo anayoifanya kazini.

Na fomu yetu ya kwanza imechapwa upya. Usingizi umetolewa kwenye "Mengineyo" ukawekwa ukurasa wa kwanza, na chini yake kuna mistari mitatu mitupu ya kujibu: "Unaamka saa ngapi usiku, na ukiamka unafanya nini?"